Kuhesabu viboko kwa droni: mwongozo kwa anayeanza

Kila kiangazi kikikaribia maswali huanza kuingia, na ni yaleyale. Mwanafunzi anataka kujua aruke mita ngapi. Askari wa wanyamapori wa kijiji amekabidhiwa droni na mfadhili, bado iko kwenye boksi, hajui aanzie wapi. Msimamizi wa kambi ya wageni ana picha mia tatu za mwaka jana na anauliza kama zinaweza kumpa idadi. Nimekuwa nikijibu mmojammoja. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, uwe nayo kwenye simu utakapokuwa porini bila mtandao.

Nimechukua viboko kwa sababu ndio wanaosumbua kuhesabu, na ndio droni inawafaa kweli. Ukisimama ukingoni unawaona wa mbele; wa nyuma wamezibwa na migongo ya wenzao, na sehemu ya kundi iko chini ya maji. Ndege yenye rubani hupita juu ya bwawa kwa sekunde chache, na aliyezama sekunde hizo hahesabiwi. Droni inasimama. Inaweza kukaa juu ya bwawa moja mpaka aliyezama apande kuvuta pumzi. Watafiti wameijaribu njia hii katika Hifadhi ya Garamba, Kongo, na kwenye delta ya Okavango, Botswana, na ikaonekana inafaa.

Kwa nini tujisumbue? Tazama Hifadhi ya Virunga, Kongo. Miaka ya 1970 ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Vita na ujangili viliwapunguza hadi chini ya 1,000 katikati ya miaka ya 2000. Walianza kuongezeka polepole, na Aprili 2025 kimeta kikaua takriban 50 ndani ya muda mfupi. Tunaweza kuzungumza juu ya hasara hiyo kwa sababu kuna watu waliohesabu kabla haijatokea. Mito mingi yetu haina hesabu hiyo.

Mifano yangu mingi ni ya Katavi, ambako Mto Katuma hupungua kiangazi hadi kubaki madimbwi, na viboko husongamana mamia kwa mamia kwenye tope. Ukiwa Ruaha, Rufiji, Mara au Naivasha, hatua ni hizihizi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Vibali kwanza, kabla hata ya kununua kifaa. Kwa Tanzania, droni inahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na wizara ya ulinzi lazima iridhie. Ndani ya hifadhi ya taifa utahitaji idhini ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), na kwenye pori la akiba ni TAWA (mamlaka ya wanyamapori). Kama kazi yako ni utafiti, zipo taratibu za TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Kwa Kenya, utaanza na KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) chini ya kanuni zao za mwaka 2020, kisha KWS (shirika la wanyamapori). Anza kufuatilia miezi kadhaa mapema. Nimewahi kuona timu imesafiri siku mbili, ikazuiwa langoni kwa kukosa karatasi moja, na msimu ukapita.

Vifaa:

- Droni ya propela nne yenye kamera ya pikseli milioni 20 hivi. Ile ya mabawa kama ndege inakwenda mbali zaidi, lakini haiwezi kusimama hewani, na kusimama ndiyo kazi yenyewe hapa. Kamera ya joto si lazima. Imejaribiwa kwa viboko na inafanya kazi, ila ni ghali. Anza bila hiyo.
- Betri nne au zaidi. Boksi likisema dakika 30, wewe panga kazi ya dakika 20.
- Propela za akiba, angalau seti mbili.
- Kadi za kumbukumbu mbili, na diski mbili za kuhifadhia picha.
- Simu au tableti ambayo ramani ya eneo imeshapakuliwa. Porini hakuna mtandao.
- Turubai dogo la kurukia na kutulia. Vumbi la kiangazi huua mota.
- Darubini, daftari, kalamu ya risasi, na saa.
- Ndoo ya mchanga kwa ajili ya betri ikishika moto.

Watu watatu ndio kiwango cha chini: rubani anayeangalia droni, mwangalizi anayeangalia wanyama na anga, na askari mwenye silaha anayeangalia nyuma yenu. Rubani akiwa ameinamia skrini hana habari na kinachotoka majanini. Usiende peke yako hata kama bwawa liko nyuma ya kambi.

Hatua kwa hatua

1. Andika swali lako kwa sentensi moja. Mfano: "Viboko wangapi wako kwenye madimbwi ya mto huu kati ya daraja na maungano ya mito, wiki ya pili ya Septemba?" Sentensi hiyo ina mahali, mpaka na wakati. Ukishindwa kuiandika, hauko tayari kuruka. "Nataka kujua viboko wa hifadhi" ni kazi ya miaka, siyo ya droni moja.

2. Chagua msimu na saa, kisha usivibadilishe. Kiangazi ndicho kipindi cha viboko: maji yamepungua, magugu yamekauka, na wanyama wamekusanyika. Masika wametawanyika na mto umejaa tope na majani, utahesabu nusu yao.

Kuhusu saa, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ruka kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi. Viboko hutoka kula usiku na kurudi majini kabla hakujapambazuka vizuri. Saa hizo wameshatulia, upepo haujaamka, na baadhi bado wanaota jua ukingoni ambapo wanaonekana mwili mzima. Jua likipanda, mwanga wake hugonga maji na kurudi moja kwa moja kwenye kamera inayotazama chini. Mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita karibu na utosi Katavi, na picha ya bwawa wakati huo ni kioo kitupu cheupe.

3. Tembelea eneo siku moja kabla, bila kurusha chochote. Pita na askari wanaolijua pori. Kila dimbwi lipe namba, chukua alama yake ya GPS, na chora ramani ya mkono. Tafuta sehemu ya kurukia iliyo wazi, mita 200 au zaidi kutoka majini, na isiyokuwa kwenye mapito ya viboko. Mapito unayajua: njia pana iliyolimwa kwa miguu, ina mfereji katikati, inashuka moja kwa moja mtoni. Kiboko anayekuta mtu kati yake na maji hapiti pembeni.

Waulize wazee na wavuvi pia. Wao ndio watakaokwambia kuna dimbwi la tatu nyuma ya mikuyu ambalo halionekani kwenye ramani ya setilaiti.

4. Piga hesabu ya urefu wa kuruka. Nadharia ni ndogo tu. Unachotaka kujua ni pikseli moja ya picha inafunika sentimita ngapi ardhini. Zidisha upana wa kihisi cha kamera kwa urefu wa kuruka, kisha gawanya kwa umbali wa fokasi uliozidishwa na idadi ya pikseli za upana wa picha.

Chukua kamera ya kihisi kinachoitwa cha inchi moja (ni jina tu, si kipimo chake): upana milimita 13.2, fokasi milimita 8.8, picha yenye pikseli 5,472 kwa upana. Ukiwa mita 100 juu, pikseli moja ni sentimita 2.7. Ukiwa mita 60, ni sentimita 1.6, na picha moja inafunika mita 90 kwa 60. Kichwa cha kiboko mkubwa kilichochomoza majini, tuseme sentimita 60, kitachukua pikseli 36 hivi kwenye mita 60, na 22 kwenye mita 100. Kwa wakubwa 22 zinatosha. Kwa ndama aliyelala juu ya mgongo wa mama yake hazitoshi, atapotea. Kwa hiyo mimi hufanya kazi mita 60, na hushuka chini ya hapo pale tu ninapotaka kutenganisha ndama, wala si chini ya mita 40. Kanuni za anga nazo zina dari yake: futi 400, yaani mita 120 hivi kutoka ardhini.

Urefu ukishauchagua, andika kwenye daftari. Mwaka ujao ni uleule.

5. Jioni, andaa kila kitu. Chaji betri zote, futa kadi ukishahakikisha zimenakiliwa, sahihisha saa ya droni ilingane na saa ya mwandishi wa daftari, kagua propela kwa kidole kutafuta nyufa. Weka urefu wa kurudi yenyewe (ambao droni hutumia ikirudi nyumbani bila kuongozwa) uwe mita 20 juu ya mti mrefu kuliko yote. Mbuyu haupishi droni.

6. Ruka mbali, panda kwanza, sogea baadaye. Asubuhi, askari akishathibitisha eneo ni salama, tandaza turubai, washa, subiri setilaiti zijae. Panda wima hadi mita 100 ukiwa bado mbali na bwawa. Kisha sogea kwa mlalo polepole, mita nne au tano kwa sekunde. Ukifika usawa wa bwawa, shuka taratibu hadi urefu wako wa kazi. Usije chini kwa chini ukapanda mbele yao: kinachokuja usawa wa macho kwa kasi, mnyama anakisoma kama adui.

Mwangalizi aweke darubini kwenye kundi muda wote. Dalili za kusumbuka ni hizi: vichwa vyote vinainuka na kugeukia upande mmoja, kundi linasogea pamoja kwenda kina kirefu, mama anamsukuma ndama katikati, waliokuwa ukingoni wanakimbilia maji. Hilo la mwisho ni la hatari kabisa, kwa sababu viboko wakikimbilia majini kwa pamoja ndama hukanyagwa. Ukiona dalili yoyote, panda mita 30 zaidi na usubiri dakika mbili. Isipotulia, ondoka. Bwawa hilo utalirudia kesho.

Na usidhani mnyama asiyekimbia hajasumbuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Minnesota, Marekani, uliweka vipima moyo kwa dubu kisha droni zikapita juu yao. Mara nyingi hawakusogea hata hatua, lakini mioyo yao ilienda mbio, na mmoja mwenye watoto mapigo yake yalipanda kwa zaidi ya mia moja kwa dakika. Kwa macho ungesema yuko sawa. Ndiyo maana hukai juu ya bwawa dakika moja zaidi ya zile unazozihitaji.

7. Simama na upige mfululizo. Kama bwawa lote linaingia kwenye fremu moja, kazi ni rahisi. Kamera itazame chini wima kabisa. Piga picha moja kila sekunde 15 kwa dakika sita, ambazo ni picha 24. Dakika sita nimezichagua kwa sababu: kiboko anaweza kuzama dakika tano hivi, na wengi hupanda mapema zaidi. Kwa muda huo kila mmoja atakuwa amechomoza angalau mara moja. Tumia picha za kawaida badala ya video, kasi ya shata (muda kamera inabaki wazi) iwe sekunde 1/800 au fupi zaidi.

8. Kama ni mto mrefu, ruka mistari. Bwawa lisiloingia kwenye fremu, au sehemu ya mto yenye makundi mengi, inahitaji mistari sambamba. Kwa kamera ile ya mfano na mita 60 juu, picha zipishane asilimia 80 mbele, yaani picha kila mita 12, na mistari iachane mita 27 ili ipishane asilimia 70 ubavuni. Programu ya kupanga safari itakufanyia hesabu hiyo. Kosa la kuepuka: usihesabu kwenye ile picha kubwa moja ambayo programu huunganisha kutokana na ndogo nyingi. Kiboko aliyesogea kati ya picha mbili huonekana mara mbili, au hukatwa, au hupotea kabisa. Picha kubwa itumie kama ramani tu. Hesabu fanya kwenye picha zenyewe, ukiwa umezigawia mipaka kwa alama za ukingoni kama mti, jiwe au kona ya mto.

9. Mwenzako ahesabu kutoka ukingoni wakati huohuo. Asimame mahali salama, na darubini, ahesabu dimbwi lilelile mara tatu na kuandika namba ya juu. Watu huona hatua hii kama kupoteza muda na kuiruka. Mimi naiona kama bima. Kama mto wako una hesabu za zamani za miguu, hii ndiyo itakayokuwezesha kuziunganisha na za droni. Bila hiyo, mwaka utakaoanza droni idadi itapanda ghafla, na watu watashangilia ongezeko ambalo halikutokea.

10. Rudisha droni betri ikiwa asilimia 30. Siyo 15.

11. Maliza madimbwi yote asubuhi moja, rudia asubuhi tatu. Viboko huhama usiku. Ukihesabu dimbwi la kwanza Jumatatu na la pili Jumanne, kuna watakaohesabiwa mara mbili na watakaokosekana kabisa. Kama eneo ni kubwa kuliko asubuhi moja, ongeza timu au punguza eneo, usiongeze siku. Asubuhi tatu zisizopishana mbali ndizo zitakupa picha ya kuaminika.

12. Nakili picha kabla ya chai. Diski mbili, zikae kwenye mabegi mawili. Taja folda kwa tarehe, namba ya dimbwi na namba ya safari. Andika siku hiyohiyo hali ya anga, upepo, kina cha maji, na chochote kilichotokea: tembo walipita, kundi lilisumbuka, wavuvi walikuwepo.

13. Hesabu ukiwa umekaa, wawili, kila mtu peke yake. DotDotGoose ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hii: unabofya nukta juu ya kila mnyama na yenyewe inajumlisha. Gawa picha kwa gridi, maliza kisanduku kimoja ndipo uende kingine. Kubalianeni sheria kabla:

- Kichwa kimoja, nukta moja.
- Mgongo bila kichwa ni nukta moja, ukiwa umetengana waziwazi na miili mingine.
- Ndama juu ya mgongo wa mama ana nukta yake, ya rangi tofauti.
- Mapovu na mawimbi hayahesabiwi, hata ukiwa na uhakika moyoni kwamba kuna mnyama chini yake.

14. Chukua namba ya juu. Tuseme picha nne bora za dimbwi namba 4 zimekupa 61, 67, 72 na 66. Unaandika 72. Huandiki jumla, na huandiki wastani, na hapa huwa naulizwa kwa nini. Ni kwa sababu kosa la kila picha linaelekea upande mmoja: waliozama wanapunguza idadi, hakuna kinachoiongeza. Picha iliyoonyesha wengi ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, ingawa nayo inaweza kuwa pungufu. Jumlisha namba za juu za madimbwi yote kwa asubuhi hiyo. Ukishapata asubuhi tatu, hapo ndipo unatoa wastani wake, na uandike pia ya chini na ya juu.

Watu huuliza kama kompyuta haiwezi kuhesabu yenyewe. Inaweza, ukiwa umeshaifundisha kwa maelfu ya vichwa vilivyowekewa nukta kwa mkono. Nukta unazoweka sasa ndizo utakazoifundishia baadaye, kwa hiyo zihifadhi.

Makosa ninayoyaona kila msimu

Kutafuta picha nzuri. Rubani anaona viboko wawili wanafungua midomo na kushuka kuwarekodi. Hapo kazi ya kuhesabu imekwisha, kundi limevurugika, na namba ya asubuhi hiyo haifai. Siku ya kuhesabu ni ya kuhesabu.

Kusahau wanyama wengine waliopo. Kwa Kiswahili wengi wanaiita droni ndege nyuki, na huenda tembo anaisikia hivyo hivyo: anawaogopa nyuki, na pembezoni mwa hifadhi za Tanzania na Kenya droni zimetumika kuwafukuza tembo mashambani. Kundi la tembo likija kunywa, rudisha droni nyumbani, wape maji yao. Ndege wanaotaga ni hatari zaidi. Mei 2021, huko Bolsa Chica, California, droni ilianguka kwenye koloni la ndege wa pwani, na wakakimbia wakaacha mayai kati ya 1,500 na 2,000. Hawakurudi. Ukiona yangeyange au korongo wana viota kwenye miti ya ukingoni, badilisha njia ya kufikia bwawa.

Kuweka picha mtandaoni zikiwa na alama za GPS ndani yake. Meno ya kiboko yana soko la magendo. Picha yako inayoonyesha kundi la sabini, mahali na saa, ni zawadi kwa jangili. Futa alama hizo, na usitaje jina la dimbwi.

Kulinganisha visivyolinganika. Mwaka huu mita 60 Septemba, mwaka jana mita 100 Julai: hizo ni hesabu mbili tofauti, usizichoree mstari mmoja.

Mambo yakikwama

*Picha zinameta.* Umechelewa kuruka, au jua liko nyuma ya droni kwa pembe mbaya. Inamisha kamera nyuzi 10 hivi upande wa pili wa jua, au weka kichujio cha kuzuia mng'ao. Kesho anza mapema.

*Picha zina ukungu.* Futa lenzi kwanza. Mara nyingi ni vumbi. Kisha ongeza kasi ya shata na hakikisha droni imesimama kabisa kabla ya kupiga.

*Droni inalalamika kuhusu dira.* Umeiweka karibu na gari, bunduki au spika. Isogeze hatua 20, isawazishe upya. Ikiendelea kulalamika, usiruke.

*Betri ni za moto.* Usichaji betri iliyotoka angani sasa hivi. Iweke kivulini ipoe, wala usiiache kwenye gari lililofungwa saa saba mchana. Zile ambazo hutazitumia kwa wiki kadhaa zihifadhi zikiwa na chaji nusu.

*Furukombe anaikaribia droni.* Panda juu haraka, kwa kuwa yeye hushambulia kwa kushuka. Kisha ondoka eneo lake. Ana kiota karibu, na kesho utapita upande mwingine.

*Viboko wote wanazama kila unapofika.* Uko chini mno, au eneo hilo wanawindwa na wamejifunza kuogopa. Jaribu mita 90 au 100 na ukubali kupoteza ndama. Andika kwenye ripoti kwamba urefu ni tofauti. Mwambie pia mhifadhi, maana woga wa namna hiyo ni habari anayohitaji kuijua.

*Wahesabuji wawili hawapatani.* Tofauti ya mmoja au wawili kwa kundi la 70 ni kawaida. Ikizidi watano, kaeni pamoja mbele ya picha mkague nukta moja baada ya nyingine. Karibu kila mara mtakuta mmoja alikuwa anahesabu migongo na mwingine anaiacha.

*Idadi imeshuka sana kuliko mwaka jana.* Usitangaze bado. Kagua urefu, saa, na kama madimbwi yote yaliingia. Tembea mtoni juu na chini kutafuta maji mapya. Kwenye Katuma, maji yakichepushwa kwenda mashambani huko juu, kundi zima linaweza kuhama kilomita kadhaa. Ukikuta mizoga, usiiguse na usikaribie. Kimeta huambukiza watu. Piga picha kwa mbali na utoe taarifa kwa daktari wa mifugo na wanyamapori siku hiyohiyo.

*Droni imeanguka bwawani.* Iache. Andika alama ya GPS na saa, mjulishe mhifadhi na mamlaka iliyokupa kibali, na asiingie mtu majini kuitafuta, hata kama picha za asubuhi nzima zimo ndani yake. Mwenzako wa ukingoni ana namba zake kwenye daftari. Endeleeni kwa darubini hadi dimbwi la mwisho.